Bastola ya Kakamega: Hamu ni Yangu, Amana ni ya Wote

Mwaka huu nalikwenda Kakamega kununua bastola. Najua msomaji atashituka kwanza, kisha atacheka. Mtu wa miaka hamsini na kitu, mtunga mashairi, aliyelelewa chuoni akikariri juzuu na kuchapwa fito kila alipokosea irabu, bastola ya nini? Mimi si mlinzi wa benki, si askari, wala sina adui nimjuaye. Swali hilo nitalijibu, maana ndilo swali ambalo sheria ya nchi hii humwuliza kila atakaye silaha, nami nalilifikiria njia nzima kutoka Mombasa hadi magharibi.

HAMU YA UTOTONI

Mimi ni mpenda vitu vya kale. Nyumbani kwangu mna saa ya ukutani ya marehemu babu, mna santuri isiyolia tena, na mna jambia la Kiomani lililoliwa na kutu upande mmoja. Kitu kimoja tu nilikikosa tangu utotoni.

Wenzangu wa rika langu watakumbuka sinema ya Naaz pale Mombasa, na filamu za makauboi tulizokuwa tukizitazama kwa kuwaficha wazee. Lakini si bastola za makauboi zilizonipata mimi. Mtaani kwetu alikaa mzee mmoja aliyestaafu upolisi. Siku moja alituonyesha picha yake ya ujana, amesimama wima nyuma ya inspekta wa Kizungu, na kiunoni mwa Mzungu yule yaning'inia bastola kubwa. "Hiyo yaitwa Webley," akatuambia, kisha akatueleza kwa mikono yake mitupu jinsi inavyofunguliwa. Tangu siku hiyo nikaitamani, kama mtoto mwingine atamanivyo baiskeli.

Webley ni kazi ya kiwanda cha Birmingham, Uingereza. Jeshi la nchi hiyo lilianza kuitumia mwaka 1887, na aina iliyopata sifa kuliko zote, Mark VI, ilitoka mwaka 1915, vita vya kwanza vya dunia vikiwa vimepamba moto. Ina kigurudumu chenye matundu sita ya risasi. Ukisukuma kitasa chake kwa kidole gumba, mtutu huinama mbele, bastola ikafunguka katikati, na kijinyota cha chuma kikayainua maganda yote sita kwa mara moja. Uzito wake wapita kilo moja. Hakuna kilichofichwa ndani yake. Kila kipande waona kifanyacho, kama mashine ya saa mikononi mwa fundi. Huo ndio uzuri niliokuwa nikiupenda, na sioni haya kusema kuwa kifaa cha kuulia chaweza kuwa na uzuri. Wazee wetu walizipamba ala za majambia yao kwa fedha, na hawakuwa wajinga.

Basi rafiki yangu, mwalimu mstaafu wa Kakamega, akanipigia simu usiku mmoja. "Maalim," akasema, "kitu chako kimepatikana."

DHAHABU NA CHUMA

Watu wa Pwani hudhani Kakamega ni mbali nasi. Si kweli. Misafara ya Waswahili ilifika Mumias, iliyo leo katika kaunti hiyo hiyo ya Kakamega, kabla Mwingereza hajaweka mguu. Joseph Thomson alipopita huko mwaka 1883 aliwakuta wenzetu wamekwisha kuijua njia. Waliuza nguo na shanga, wakanunua pembe, na pamoja nao zikaenda bunduki. Nabongo Mumia wa Wanga, aliyetawala kuanzia miaka ya 1880 mpaka kufa kwake mwaka 1949, aliingia katika Uislamu, na misikiti ya Mumias ni ushahidi wa udugu huo hadi leo. Lakini tusijisifu kwa nusu ya habari tukaificha nusu. Tulipeleka dini, na tulipeleka baruti pia.

Na silaha zilizokwishatumika, zikapita mkono hadi mkono bila hati, ziliwahi kumwaga damu nyingi sana pande hizo. Mwaka 1894 wakubwa wa Kiingereza waliokaa Mumias walipeleka kikosi kwenda kudai bunduki zilizokuwa zimeingia mikononi mwa Wabukusu. Kikosi kile kikauawa. Mwaka uliofuata Hobley akaenda na jeshi, na bunduki ya Maxim ikiwamo, na watu wengi wakateketea katika boma la Chetambe karibu na Webuye. Vita hivyo vilikuwa na sababu zaidi ya moja, lakini cheche yake ilikuwa bunduki zilizohama mkono.

Bastola niliyoifuata mimi ilifika kwa njia nyingine, njia ya dhahabu. Mwaka 1931 dhahabu ilionekana Kakamega, na walowezi waliofilisika kwa nzige na kwa kuanguka kwa bei za mazao wakamiminika kuja kuchimba. Serikali ilikuwa imewaahidi Waafrika mwaka 1930, kwa sheria, kwamba ardhi ya akiba zao haitaguswa bila kulipwa ardhi nyingine. Mwisho wa mwaka 1932 ikaibadili sheria hiyo upesi ili machimbo yapate nafasi. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulichimbwa hadi miaka ya 1950, na jina lake limebaki kuwa jina la mtaa. Wachimbaji hao wa Kizungu walikuja na mabeleshi, mahema na bastola. Wengi waliondoka mikono mitupu, na vingine walivyokuja navyo vikabaki.

KATIKA KOPO LA MAFUTA

Nyumba niliyopelekwa haiko mbali na Rosterman. Nilikaribishwa kwa "mulembe" na kwa kuku, kama ilivyo ada ya watu wale, ambao mgeni kwao hali mboga za majani peke yake. Walipokwisha kutukirimu, mwenye nyumba, mtu mzima wa umri wangu, akaleta kopo kuu la mafuta ya kupikia. Ndani mlikuwa na kipande cha kanga, na ndani ya kanga ndimo ilimokuwamo.

Nalijua ni yenyewe kabla hajaiweka mezani. Rangi yake ya samawati imegeuka kuwa ya majivu, kitako kimepasuka kidogo, pete ya kufungia kamba ingalipo. Babu yake alikuwa mpishi wa mchimbaji mmoja, na mchimbaji yule alipoondoka alimwachia sanduku, na sandukuni imo hiyo. Babu alimwachia baba, na baba amefariki miaka michache iliyopita.

Sikuigusa. Nalijua nikiigusa sitaiacha. Nikamwomba aifungue kwanza. Tulisomeshwa chuoni kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza mtu kukabidhiwa upanga uliokwisha kutolewa alani, na kwamba apitaye msikitini au sokoni na mishale ashike ncha zake asije akamdhuru Mwislamu. Hayo ni mafunzo ya karne ya saba, lakini mkufunzi yeyote wa bunduki leo haanzi somo lake kwa jambo jingine. Bwana yule akasukuma kitasa, mtutu ukainama. Matundu manne yalikuwa matupu. Mawili yalikuwa na risasi.

Hapo mama yake, bibi kizee aliyekuwa kimya pembeni, akasema kwa Kiswahili cha taratibu. Krismasi iliyopita, wajukuu walipokuja kutoka Nairobi, mtoto wa miaka minane alilifungua kopo lile akaitoa bastola uani, wakacheza polisi na mwizi. Yeye alitoka jikoni akamkuta amemwelekezea mdogo wake, anavuta kwa vidole viwili na mtambo haumtii kwa ugumu. "Tangu siku hiyo silali," akasema. "Ichukue, mwanangu. Hata bure ichukue."

Mtoto wake hakutaka bure. Alitaja bei, nayo ilikuwa chini ya bei ya ng'ombe wa maziwa. Fedha ninazo mfukoni. Chombo nilichokitamani zaidi ya miaka arobaini kiko mbele yangu, na wenyewe wananisihi. Nikauliza swali moja tu, "Cheti chake kiko wapi?" Wakatazamana.

SHERIA YASEMAJE

Sheria ya silaha ya Kenya, Sura ya 114, ni ya miaka ya 1950, zama za Hali ya Hatari, ijapokuwa imerekebishwa mara nyingi. Kwa sheria hiyo, silaha ni kila chombo chenye mtutu kiwezacho kurusha risasi ikadhuru. Haimpi mtu ruhusa kwa kuwa ameipenda bastola. Yamtaka aonyeshe sababu njema ya kuwa nayo, na kwamba yeye mwenyewe ni mtu wa kuaminiwa. Cheti hutaja silaha yenyewe na idadi ya risasi, na hakiishi milele; hufanywa upya. Asiye na cheti haruhusiwi kununua, na mwenye silaha haruhusiwi kumpa asiye na cheti, awe rafiki au mtoto wake. Mwenye cheti akifa, cheti hakirithiwi pamoja na shamba.

Sasa tazama hali ya kopo lile. Babu hakuwa na cheti, baba hakuwa nacho, mwana hana. Kitu kisicho na mwenyewe mbele ya sheria hakipati mwenyewe kwa kuuzwa. Hata ningalikuwa na cheti changu cha bastola nyingine, fedha zangu zisingeifanya ile ya Kakamega kuwa halali, kama vile kuosha nyama ya mfu kusivyoifanya kuwa ya kuchinjwa. Ningekuwa nimenunua kosa la watu watatu na kuliongeza la nne.

Msomaji aweza kusema kwamba bastola moja ya kale si kitu. Tuhesabu basi. Watafiti wa Small Arms Survey wa Geneva walikadiria kuwa mwaka 2017 silaha zilizokuwa mikononi mwa raia nchini Kenya zilikuwa kiasi cha 750,000, na zilizosajiliwa katika hizo zilikuwa elfu nane na ushei tu. Kwa kila moja yenye hati, karibu tisini hazina. Nyingi ziko kwa wafugaji wa kaskazini na mikononi mwa wahalifu, lakini nyingine zimelala makoponi kama ile, kwa watu ambao hawakuua hata kanga wa porini.

Serikali haikukaa bure. Mwezi wa Desemba 2018 aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, aliamuru wote wenye vyeti wachunguzwe upya, na wasiojitokeza wakahesabiwa hawana. Silaha haramu zilizokusanywa zimechomwa moto hadharani huko Ngong, 5,250 mwezi wa Novemba 2016, na 5,144 mwezi wa Juni 2021. Ni kazi njema. Lakini ukiziweka kando ya lile kadirio la 750,000, ni kama kuteka bahari kwa kata.

WENYE CHETI NA WASIO NACHO

Nisije nikadhaniwa kuwa nasema raia asishike silaha kamwe. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi waliodai kutumia jina la dini yetu walipovamia Westgate, Nairobi, na kuua watu 67, miongoni mwa walioingia mle kuokoa wenzao walikuwamo raia wenye bastola za cheti. Mmoja wao alikuwa Abdul Haji, Mwislamu wa Garissa, aliyemfuata nduguye ndani akawatoa na watu asiowajua, wa dini zote. Baadaye alichaguliwa kuwa Seneta wa Garissa. Picha ya mtoto wa kike akimkimbilia ilienea duniani kote. Mtu huyo alikuwa na amana mkononi, na siku ya kuulizwa alijibu.

Lakini tumeona pia kinyume chake. Tumesoma habari za wakubwa waliotoa bastola zao za cheti katika vilabu vya usiku kwa sababu ya kikombe au kwa sababu ya mwanamke. Raia wa kawaida hunong'ona kwamba cheti hufuata jina la mtu na gari lake kabla ya kufuata tabia yake. Mimi sina ushahidi wa kumshitaki mtu, lakini mnong'ono huo peke yake ni hasara, maana sheria isiyoaminiwa haisaidiwi na watu. Huyu wa Rosterman aliponijibu kwa nini hakuipeleka bastola kituoni, hakusema aipenda. Alisema hivi: "Mzee wa Pwani, nikiingia pale na hii, nitatoka lini?"

Neno hilo lilinikaa. Mtu ana sumu nyumbani, ataka kuiondoa, mama yake halali usiku, mtoto nusura amuue nduguye, na mlango pekee auonao wa kuipitishia ni kuiuza kwa siri kwa mshairi mwenye tamaa. Na kama mshairi akikataa, yuko nani wa pili? Wa pili hatauliza cheti. Wa pili ataitia kiunoni na kwenda nayo barabarani usiku.

MLANGO WA KURUDISHIA

Hapa ndipo yalipo maoni yangu. Serikali yetu hutangaza msamaha kama mvua ya rasharasha, mahali hapa na pale, kwa siku chache. Mwezi wa Februari 2023 watu wa Bonde la Ufa kaskazini walipewa siku tatu wasalimishe silaha kabla majeshi hayajaingia. Siku tatu zamfaa jambazi ajuaye alicho nacho? Na mama wa Rosterman, ambaye si wa kaskazini wala hana vita na mtu, zamfaa nini? Msamaha wa namna hiyo huja na vitisho, na atishwaye huficha zaidi.

Tunahitaji mlango uliofunguliwa mwaka mzima, nchi nzima. Ajaye kwa hiari na silaha iliyofungwa, aipokelewe, aandikiwe hati ya kupokewa, arudi kwake. Aruhusiwe kuja na imamu, padri au mzee wa mtaa, ili asiwe peke yake mbele ya meza. Silaha ichunguzwe kama iliwahi kutumika katika uhalifu, hilo ni haki. Lakini aliyeileta kwa miguu yake asihesabiwe sawa na aliyekamatwa nayo usiku.

Na zile chache zenye historia zisiingie zote tanurini. Zizibwe mitutu, zitolewe mitambo, zikawekwe makumbusho pamoja na habari zake. Pale Ngome ya Yesu watoto wetu hupanda juu ya mizinga ya Wareno na Waarabu wakapigwa picha wakicheka. Mizinga ile iliua babu zetu. Leo imekuwa farasi wa watoto kwa kuwa haiwezi tena kuua. Bastola ya mchimba dhahabu ingeweza kuwaeleza vijana wa Kakamega jinsi ardhi ya babu zao ilivyochukuliwa kwa sheria iliyogeuzwa usiku mmoja. Habari hiyo yawahusu, kwani dhahabu ya Ikolomani na Rosterman ingali inachimbwa, na vijana wangali wakifukiwa mashimoni kwa ajili yake.

Na sisi wapenzi wa vitu vya kale tujisemeshe kweli. Saa ya babu ni mali yangu, nikitaka nitaivunja. Bastola haiwi mali ya mtu kwa namna hiyo hata kama ana cheti. Aishikaye ameshika roho za jirani zake, na jirani hao ndio waliomwachia kwa mkono wa serikali. Hiyo ndiyo maana ya amana, na kila aliyepita chuoni ajua kwamba amana hurudishwa kwa wenyewe.

Basi nilifanya nini? Fedha nilirudi nazo. Siku ya pili mwalimu rafiki yangu alimtafuta wakili, naye wakili akatangulia kituoni kueleza. Bwana yule akaenda na mzee wa kanisa lao, bastola ikiwa wazi na risasi zikiwa mbali nayo. Mimi nilikaa nje chini ya mti, nikavuta uradi. Walitoka baada ya saa nne na karatasi ya kupokewa, Alhamdulillahi. Lakini wao walikuwa na wakili na mwalimu na mgeni wa gazeti. Mwenye kopo kama lile asiye na watu hao afanye nini?

Bibi kizee aliponiaga alinipa jogoo, akaniambia usiku ule atalala. Ile Webley sitaiona tena. Yamkini itayeyushwa pamoja na maelfu mengine. Kusema kweli nilihuzunika ndani ya basi, na huzuni ile niliitia katika ubeti huu mmoja:

Silaha si kama saa, kuiweka ukutani,
Hata ikilala njaa, ingali na moto ndani,
Aishikaye hutwaa, amana iso kifani,
Hamu isiyo idhini, iache mwako moyoni.